Ukila Kithai na simu mkononi, unaondoka na nusu ya chakula

Mzee wa Spineli (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Humu ndani tumeshajadili simu mezani mpaka basi, na kila mara mjadala unaishia palepale: adabu, malezi, watoto wa siku hizi, zamani watu tulikuwa tunaongea. Huko siendi. Leo nataka tuzungumzie ladha. Kuna vyakula ukivila huku unachungulia simu vinakupita, yaani umeshiba lakini hukuvila. Kwangu mimi chakula kilichonifungua macho ni cha Kithai, na nadhani naweza kueleza kwa nini.

Kwa wasionifahamu: nauza mawe ya rangi, yaani vito. Spineli za Mahenge, yakuti za Tunduru, na chochote kinachong'aa ambacho wachimbaji wameniletea. Mtu wa kazi hii Thailand haikwepi. Machimbo ya Tunduru yalipovuma katikati ya miaka ya 1990 Wathai walikuja kununua hukohuko machimboni, na mpaka leo mawe mengi ya Afrika Mashariki hupitia Bangkok au Chanthaburi kukatwa, kupitishwa kwenye tanuri ili rangi itulie, kisha kuuzwa upya. Kwa hiyo naenda. Na ukienda kwa watu, unakula.

Chanthaburi ni mji ulio kama kilomita 245 kusini-mashariki mwa Bangkok. Soko la mawe linachangamka Ijumaa hadi Jumapili. Mnunuzi anakodi meza na kukaa. Wanaozunguka ni madalali, kila mmoja na vikaratasi vyake vilivyokunjwa, mawe yamo ndani. Unafungua, unamulika, unataja bei, anacheka, mnaendelea. Simu pale si pambo. Unapiga picha ya jiwe, unamtumia mteja, unangoja jibu huku dalali amekusimamia. Kutwa nzima iko kiganjani. Nalisema hili mapema ili nisionekane mzee anayechukia teknolojia. Simu ndiyo duka langu.

Sasa njoo jioni. Kuna mama mmoja dalali, amenizidi umri, ndiye hutukusanya watu watano sita baada ya soko twende kula. Anaagiza yeye, maana kule mkubwa wa meza ndiye huagiza, na mara nyingi ndiye hulipa. Kila mtu analetewa sahani ya wali mweupe, basi. Vitoweo vinawekwa katikati, vinakuja kimoja kimoja kadiri jiko linavyovitoa, hakuna cha kuanzia wala cha kumalizia: supu ya tom yum yenye kamba, samaki mzima wa mvuke aliyemwagiwa ndimu, vitunguu saumu na pilipili, mchuzi wa tui, mboga za kukaanga kwa moto mkali, som tam, yaani saladi ya papai bichi, na sinia la matango na mboga mbichi za kutafunia.

Tazameni mikono kwanza. Mthai anashika kijiko kwa mkono wa kulia na uma kwa mkono wa kushoto. Uma hauendi mdomoni. Kazi yake ni kusukumia chakula kwenye kijiko. Kisu hakipo, kwa sababu vitu vimekatwa vidogo tangu jikoni. Vijiti wanavitumia zaidi kwenye tambi za supu, mambo waliyoyapata kwa Wachina. (Kijiko na uma vyenyewe viliingia karne ya 19 kupitia jumba la kifalme, kabla ya hapo walikuwa wanakula kwa mkono kama sisi, na ule wali wa kunata wa kaskazini-mashariki bado unafinyangwa tonge kwa mkono na kuchovywa.) Kwa hiyo mikono yote miwili ina kazi. Simu utaishika kwa mkono upi? Anayetaka kuishika lazima auache uma, na asiye na uma anaukimbiza wali kwa kijiko kuzunguka sahani mpaka umwagikie mezani. Huwa nawaangalia. Inachekesha.

Lakini mikono ni sehemu ndogo. Jambo kubwa ni kwamba chakula cha Kithai hakimaliziwi jikoni. Kinamaliziwa na mlaji.

Nenda kwenye kibanda chochote cha tambi. Juu ya meza utakuta kikapu cha vikopo vinne: sukari, pilipili kavu iliyosagwa, siki yenye pilipili za kukatwa, na sosi ya samaki, ile inayotokana na dagaa wa baharini waliovundikwa kwenye chumvi mwaka mzima au zaidi. Bakuli unaloletewa halijakamilika, na mpishi hatanuna ukilirekebisha. Unaonja supu kwanza, halafu unaamua: siki kidogo, pilipili, sukari nusu kijiko. Ndiyo, sukari kwenye tambi za nyama. Mbongo akiona anashtuka, lakini ile sukari hupunguza makali ya siki na kuacha chumvi isikike vizuri. Unaonja tena. Ukiwa unajibu meseji, hayo yote huyafanyi. Unakunywa supu ambayo mpishi mwenyewe alijua haijafika.

Kwenye meza ya watu wengi mambo ni makubwa zaidi, maana ule uwiano wa uchachu, utamu, chumvi na ukali hautafutwi ndani ya bakuli moja. Unatafutwa meza nzima. Unachota kijiko kimoja au viwili vya kitu kimoja, unakula na wali, unahamia kingine. Umetoka kwenye tom yum ulimi unawaka? Nenda kwenye mchuzi wa tui. Tui limekukinai? Rudi kwa samaki wa ndimu. Katikati unatafuna tango. Kila kijiko ni uamuzi.

Mtu wa simu haamui. Mkono wake unarudi kwenye bakuli lililo karibu naye, tena na tena. Ndiyo maana nikisikia Mtanzania mwenzangu anasema "Kithai kimezidi kuwa kichachu" au "kitamu sana kama uji", swali langu la kwanza ni kwamba alikuwa amekaa mbele ya bakuli gani.

Halafu kuna mitego. Ndani ya tom yum kuna mapande ya mchaichai, vipande vya mzizi wa jamii ya tangawizi ulio mgumu kama kuni, na majani ya mti wa ndimu. Hivyo haviliwi. Vimetoa harufu yao, unavisogeza pembeni. Tom yum ya kamba UNESCO iliiingiza kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2024, ila hakuna aliyeingiza maelezo ya namna ya kuila kwa macho yaliyoko kwingine. Nimemwona kijana akitafuna mchaichai dakika nzima huku anatazama mpira kwenye simu, amekunja uso, anadhani ni nyama ngumu. Na pilipili kichaa zao zinaelea nzima nzima. Ukiitafuna moja bila kujua, maji hayatakusaidia, kwani kile kinachowasha hakiyeyuki kwenye maji. Kula wali. Kula tango. Na usiguse jicho.

La mwisho ni wakati. Mboga za kwenye karai la moto mkali zina harufu ya moshi ambayo haidumu. Yai la kukaanga linalowekwa juu ya nyama iliyokaangwa na mrehani lina kingo zinazovunjika kwa mlio. Lipe muda kidogo juu ya wali wa moto, linakuwa ngozi. Kule Bangkok kuna mama maarufu wa mtaani, Jay Fai, ambaye toleo la kwanza la mwongozo wa Michelin wa Bangkok, ule unaopa migahawa bora nyota, la mwaka 2018, lilimpa nyota. Anapika kwenye mkaa amevaa miwani ya kuzuia mafuta yasimrukie machoni, na omleti yake ya kaa watu wanaipangia foleni kwa masaa. Foleni ile mimi sijaiweza. Ila kinachonishangaza ni mtu aliyesimama juani nusu ya siku, kisha omleti inafika na anaizungusha sahani huku na huku kutafuta mwanga.

Sasa haki itendeke. Simu nayo ina msaada wake pale. Menyu nyingi ni za maandishi ya Kithai matupu. Unaimulika kwa kamera, inakutafsiria, unajua unachoagiza. Kulipa ni hivyo hivyo: tangu mfumo wao wa PromptPay uanze mwaka 2017, hata mwenye mkokoteni wa ndizi za kukaanga ana karatasi ya kuskani imebandikwa kwenye kioo, sawa na lipa namba zetu. Kwa hiyo simu inaingia kabla, na inaingia baada. Katikati, kuanzia sahani ya wali inapotua hadi matunda yanapokuja, yangu inakaa ndani ya mkoba. Wateja nimewazoesha. Jiwe limekaa ardhini mamilioni ya miaka, saa moja zaidi halitaoza. Omleti itaoza.

Nyie mnafanyaje? Sisemi Kithai tu, vyovyote.

Kiazi Mviringo

Mkuu nimesoma uzi wote huku nakula chipsi mayai. Zimepoa.

Mkunazi

Kaka, ya simu tuyawache kando kidogo, mimi nina la jikoni. Mombasa hapa nimekulia kwenye tui, na nilipofunzwa huo mchuzi wa kijani wa Kithai niliona maajabu. Sisi tui zito twalitia mwisho, moto mdogo, wakoroga mfululizo mkono mmoja lisikatike. Likikatika mamangu alikuwa akisema umepika mafuta. Wao wafanya kinyume! Tui zito ndilo laanza sufuriani, lachemshwa makusudi mpaka likatike, mafuta yaelee, halafu viungo vilivyotwangwa vyakaangwa kwenye hayo mafuta ya nazi. Ndipo tui jepesi lafuata na nyama.

Nilipika hivyo nyumbani, mume akachungulia sufuria akaniuliza kama nimeanza kusahau kupika.

Nakuunga mkono kwa sababu hiyo. Chakula kama hicho kina harufu mbili, ya viungo vilivyokaangwa na ya vile vibichi vinavyotiwa mwisho, na harufu ya pili ndiyo hutoka kwanza. Simu ikikushika dakika chache umebakiwa na mchuzi wa nazi tu.

Mzee wa Spineli

Bi Mkunazi, hapo umeongea kama mwenye jiko. Mimi mlaji tu, hilo la tui kukatwa makusudi nilikuwa naliona mafuta yake juu bila kuelewa yalikotoka. Na kwa kuwa umegusa nazi: wana mbuzi ya kukunia kama yetu, kibao cha kukalia chenye meno ya chuma mbele. Ila yao ya kizamani imechongwa umbo la sungura.

Mkunazi

Sungura! Basi angalau mgongo wauma sawa.

Kijiwe cha Pili

Mada nzuri, lakini mkuu unatoa hukumu bila ushahidi. Acha nikuletee pande zote mbili.

Upande wako: mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Canada, walichapisha utafiti ambao watu zaidi ya 300 walikwenda kula mgahawani na marafiki au ndugu. Kundi moja liliambiwa simu zikae mezani, lingine liziweke mbali. Waliokuwa na simu mezani walisema akili zilitawanyika zaidi, na walifurahia kidogo kuliko wenzao. Tofauti haikuwa kubwa, ila ilikuwepo.

Upande wa pili: mwaka 2016 Diehl, Zauberman na Barasch walichapisha majaribio kuhusu kupiga picha. Kwa jumla, waliopiga picha walizama zaidi kwenye jambo wanalolifanya kuliko wasiopiga, na moja ya majaribio hayo lilikuwa la watu wanaokula chakula cha mchana. Kupiga picha kunakulazimisha kutazama. Kwa hiyo yule mtu wako wa omleti ya kaa anayezungusha sahani, huenda ameiona omleti kuliko wewe.

Mzee wa Spineli

Hoja nimeipokea, na sipingani nayo. Mimi kazi yangu ni picha. Ukitaka kulijua jiwe, lipige picha. Utaona nyufa ambazo jicho lilizipita. Picha moja ya chakula haina neno.

Ila tuangalie kinachofuata baada ya picha. Nani hupiga picha kisha akairudisha simu mfukoni? Lazima aitume. Akishaituma anasubiri wasemeje. Akisubiri, anasoma na mengine. Huo utafiti wako wa pili ni wa kamera, na simu si kamera peke yake. Wangempa mtu kamera ya zamani ya filamu ningekubali moja kwa moja.

Kijiwe cha Pili

Sawa, kamera ya filamu nakuachia. Lakini hapo umehama kutoka "simu inaua ladha" kwenda "mtandao unaua ladha". Si kitu kimoja.

Mzee wa Spineli

Si kimoja, kweli. Nachukua cha pili.

Geto la Mabibo

Wazee mnaongelea meza za watu sita. Mimi nakula peke yangu geto, wali maharage, saa nne usiku. Nikiweka simu mbali natazamana na ukuta. Simu ndiyo mwenzangu wa kula. Mnataka nimwangalie nani?

Mzee wa Spineli

Mdogo wangu, kula na simu yako, sina ugomvi na wewe. Na nikwambie kitu: hata Bangkok mchana wafanyakazi wa maofisini wanakaa peke yao na sahani moja, wali umefunikwa na nyama ya kusaga iliyokaangwa na mrehani na pilipili, yai juu, simu imeegemezwa kwenye chupa ya maji, tamthilia inaendelea. Hakuna anayewashangaa. Chakula kile kimepikwa kiliwe hivyo, kila kitu kiko sehemu moja, kimeshakolezwa, unachota tu. Ila hata wao, ukiwatazama, kile kikopo cha sosi ya samaki yenye pilipili wanakifungua kabla hawajabonyeza chochote.

Kwa hiyo nilichosema kinahusu zaidi meza yenye vitu vingi vya kuchagua. Wali maharage wa saa nne usiku ni sala ya mtu mmoja, kila mtu na namna yake.

Geto la Mabibo

Asante baba. Nimeongeza pilipili.

Mgeni wa Ruwi

Salaam kutoka Muscat. Huku kwetu sinia ndilo lililokuwa mlinzi. Mnakaa chini, mkono wa kulia uko kwenye wali na samli mpaka kwenye vifundo, sasa simu ya gharama utaigusa na mkono huo? Ikiita inaita. Hakuna aliyehitaji kuweka sheria.

Vijana wameshapata dawa. Kwanza walijifunza kuperuzi kwa kidole gumba cha kushoto. Siku hizi naona wengine wanaomba kijiko. Unadhani mtu amekuwa wa kisasa, kumbe anataka mkono mkavu. Bibi yangu aliligundua hilo kabla yangu, akaviondoa vijiko vyote sebuleni akavifungia kabatini, mgeni tu ndiye anapewa. Alipoulizwa akasema vinapotea.

Mambo yako ya kijiko na uma nimeyaelewa haraka kwa sababu hiyo. Wao wameziba mikono kwa vyuma, sisi kwa samli.

Kiazi Mviringo

Bibi apewe uwaziri.

Binti Sayari

Samahani kwa kuuliza la pembeni. Nina safari ya Bangkok, mgonjwa wetu anakwenda kutibiwa, na sisi ni Waislamu. Kila nikisoma kuhusu chakula cha huko naona nguruwe. Kuna namna?

Mzee wa Spineli

Mungu amponye mgonjwa wenu, dada. Namna ipo, tena nyingi. Kusini mwa Thailand kuna Waislamu wengi na Bangkok yenyewe ina misikiti mingi. Mimi maskani yangu ni upande wa Silom, ambako ofisi za mawe zimejaa, na pale karibu, Charoen Krung Soi 36, kuna msikiti wa Haroon. Vichochoro vinavyouzunguka vina vyakula vya halali. Ukiwa upande wa Nana, Sukhumvit Soi 3/1, huko ndiko mtaa wa Waarabu, hukosi kitu. Kwingineko tafuta alama ya halali mlangoni au kwenye mkokoteni, iko wazi, na wauzaji wenyewe wanavaa mtandio au kofia.

Agizeni massaman. Ni mchuzi wa tui wenye viazi, karanga, mdalasini, iliki na karafuu, asili yake inahusishwa na Waislamu, na mtu wa pwani akionja anatulia kabisa. Pia khao mok, wali wa manjano na kuku. Ukiuona utajua ni ndugu wa biriani. Na nje ya hospitali mkikuta shokishoki na doriani msidhani mmerudi Zanzibar, ila doriani hoteli nyingi haziruhusu kuingia nalo chumbani, kwa harufu yake.

Binti Sayari

Ahsante sana, Mungu akubariki. Hapo kwa mgonjwa simu hatutaweza kuzima, nyumbani watapiga saa zote.

Mzee wa Spineli

Msizime kabisa. Mgonjwa kwanza. Thailand iko mbele yetu kwa saa nne, kwa hiyo mkikaa kula saa moja jioni, nyumbani ni saa tisa alasiri na watu wako macho. Waambieni ndugu mapema saa ya kupigiwa, mtoe taarifa yote kwa mkupuo, mle.

Mama Vinu

Mimi sijaja kubishana, nataka som tam. Papai mabichi yapo nyuma ya nyumba yanaanguka ovyo. Inatengenezwaje, na kinu ni cha mbao au cha jiwe?

Mzee wa Spineli

Hatimaye mtu wa maana.

Papai liwe bichi kabisa, kijani nje na jeupe ndani. Likianza wekundu hata kidogo limeshachelewa. Limenye, osha utomvu, lichane vipande vyembamba virefu. Wao hulikatakata kwa kisu likiwa mkononi kisha wanaparua. Kwaruzo la karoti linatosha.

Kwenye kinu anza na kitunguu saumu na pilipili kichaa, ponda kidogo tu. Tia sukari. Wao hutumia sukari ya mnazi au ya mitende, sukari guru inakaribia. Tia maharage mabichi marefu yaliyokatwa, yachubuke. Uduvi mkavu kiasi, karanga zilizokaangwa, kamulia ndimu nyingi, tia sosi ya samaki. Nyanya zipasuliwe, zigongwe taratibu. Papai mwisho. Hapo hutwangi tena: mkono mmoja unagonga, mwingine una kijiko unageuza kutoka chini, gonga, geuza, gonga, geuza. Papai lichubuke linywe mchuzi, lisipondeke. Onja. Linatakiwa kuwa chachu, tamu, la chumvi na kali, vyote vinasikika. Liwa hapohapo, maana likikaa linatoa maji na ladha inazimuka.

Kuhusu kinu: kwa som tam wao hutumia cha udongo au mbao, kirefu, na mchi wa mbao. Cha jiwe ni cha kutwangia viungo vya mchuzi, kwenye saladi kingelisaga papai. Kinu chako cha mbao cha kawaida kinafaa.

Mama Vinu

Sosi ya samaki sina. Chumvi na maji ya dagaa waliochemshwa?

Mkunazi

Mama, chukua hao uduvi wakavu uzidishe, watwange na chumvi wawe unga. Haitakuwa ile, lakini italika. Maji ya dagaa yatakupa supu.

Mama Vinu

Naingia jikoni. Simu naiacha hapa, mkiniuliza sijibu mpaka limalizike.